Mwanasiti na Malango Matatu ya Kilimani

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Kilima, na juu yake mji uliokufa!

Hapo kale, magofu yale yalikuwa magofu tayari. Chini ya kilima aliishi Mwanasiti, mjane mwenye watoto wawili, Shee na Mize. Ndui ikaja, ikamchukua Shee. Mwanasiti akalia, akalia, akalia hata sauti ikamkauka. Akasikia watu wakisema, "Kule juu wafu hurudishwa." Basi akampeleka Mize kwa jirani, Bi Zamu.

"Nishikie mtoto, dada. Naenda kumchukua kaka yake."

"Siti, mwanao ni huyu anayelia!"

Hakugeuka. Akapanda, akapanda, akapanda hata lango la kwanza. Juu yake katua kunguru.

"Wataka nini?"

"Mwanangu."

"Nipe kicheko chako, upite."

Akampa. Tangu msiba, cha nini tena?

Lango la pili, bundi.

"Wataka nini?"

"Mwanangu."

"Nipe usingizi wako, upite."

Akampa.

Lango la tatu, chatu kajizungusha nguzoni.

"Wataka nini?"

"Mwanangu."

"Nipe wimbo unaobembelezea watoto, upite."

Hapo Mwanasiti akasita. Akamkumbuka Mize. Kisha akamkumbuka Shee, akautoa.

Ndani hamkuwa na mtoto. Kuta zimebomoka, kisima kimekauka, na mzimu wa mfalme wa mji ule umeketi kando ya kaburi dogo.

"Babu, wafu hurudishwa wapi?"

"Nani kakwambia hurudishwa? Huyu hapa ni mwanangu. Wale watatu malangoni niliwapa mji mzima ili wamrudishe. Wanakula tu, mama. Hawarudishi."

Mwanasiti akashuka. Akamkuta Mize analia. Akampakata, akafungua kinywa amwimbie, hakikutoka kitu. Mtoto akalia, akalia, akalia, kisha akamnyooshea mikono Bi Zamu.

"Mama," akamwita Bi Zamu.

Mwanasiti akakaa kizingitini, macho makavu, hata kukapambazuka. Na kesho yake vivyo hivyo. Na siku zote zilizobaki.

Basi jamani, anayekuahidi kukurudishia maiti, mwulize kwanza amemrudishia nani. Siku hizi watu hupanda kule kutazama mawe, wakala maandazi yao, wakashuka. Hata mimi nilipanda, nikarudi na kiatu kimoja. Ngano imefika ukingoni, na moto nao umezimika. Kalaleni, ninyi mnaoweza.