Kwa Nini Mama Mkwe Hutoboa Paa Bila Kusema Neno

Nyie mnaoota moto jikoni bila hata kuuliza moshi unakwenda wapi, tulieni niwaeleze. Hapo kale nyumba za mlima wa Kwambwea hazikuwa na tundu juu. Paa liliezekwa nyasi hadi kileleni, kuta zikakandikwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, na nyumba iliyovuja joto ilikuwa aibu ya ukoo mzima. Baridi ya kipupwe ndiyo iliyowafunza hivyo. Hakuna aliyejua kwamba moto nao huvuta pumzi.

Wakati huo aliishi mke kijana, jina lake Nakiete, aliyejifungua mtoto wake wa kwanza ukungu ukiwa umelala mlimani. Mumewe, Mrindoko, alikuwa ameshuka tambarare kutafuta chumvi, kwa hiyo aliyemhudumia mzazi alikuwa mama mkwe wake, Namkunda. Mama huyo alimpenda mjukuu mpaka akakosa raha. Kila asubuhi alikata kuni mbichi, maana kumpa mzazi kuni za jana kulihesabiwa uchoyo, akazishindilia mafigani hadi zikabanana. Kisha alitoka, akaziba nyufa za mlango kwa majani ya mgomba na kuufunga kwa nje kwa kamba, ili ukungu usimguse mtoto.

"Usifungue, mwanangu," alisema siku hiyo. "Joto la mzazi halitoki nje. Nikishapika uji nitarudi."

"Sawa, mama," Nakiete alijibu, ingawa moyo wake haukuwa sawa.

Kuni zilitoa povu kwenye ncha, zikafuka tu bila kuwaka. Moshi ukajaa hadi chini. Macho yalimwasha, lakini hilo alikwisha kulizoea. Kilichomtisha ni kichwa kilichokuwa kikimgonga, na miguu iliyoanza kulegea. Kitoto cha mbuzi kilichofungwa pembeni kilipiga magoti, kikalaza kichwa, kisiinuke hata alipokisukuma. Akamgeukia mtoto. Mtoto hakulia. Akampa ziwa, hakulishika. Tangu lini mtoto mwenye njaa akakataa ziwa?

Hapo hofu ilimshika hasa. Alipiga kelele, ukungu ukazimeza. Alisukuma mlango, haukutikisika. Kuzima moto hakuthubutu, kwa kuwa baridi ingemmaliza mtoto kabla ya jioni. Ndipo akaona ulimi mdogo wa moto, uliobaki peke yake, umeinama kuelekea chini ya mlango, mahali majani yalipoachia kidogo. Moto nao ulikuwa unatafuta hewa.

Nakiete akatazama juu, akafikiria kulitoboa paa. Kwambwea paa lilitobolewa siku moja tu, siku mwenye nyumba alipokufa, roho yake ipate kutoka. Kulitoboa mume akiwa safarini kulikuwa kumwombea kifo, na mke aliyefanya hivyo alirudishwa kwao mikono mitupu, mtoto akabaki ukweni. Akikaa kimya, mtoto atakufa. Akimwokoa, watamnyang'anya. Aliona bora amkose akiwa hai.

Akachukua mchi, akapanda juu ya kinu huku akiyumba, akazidunga nyasi za kileleni, akadunga tena na tena, mpaka mwanga ukaingia. Moshi ulisita, kisha ukaanza kupanda. Akashuka, akazichomoa kuni zilizobanana, akaacha chache zenye nafasi kati yake, na moto ukawaka. Akamwinua mtoto kuelekea tundu.

"Lia," alimwambia. "Lia, baba, nakuomba."

Akampangusa uso, akampigapiga mgongo. Kisha mtoto akakohoa, akalia.

Namkunda aliuona moshi juu ya paa. Akautupa uji, akaja mbio, akaikata kamba.

"Umemuua mwanangu!" alipiga yowe. "Mrindoko amekukosea nini?"

Nakiete alimwonyesha kile kitoto cha mbuzi, kilichokuwa kikijikongoja kusimama chini ya tundu, akamwekea mtoto mikononi. Namkunda alimtazama mbuzi, akautazama moto, akalitazama tundu. Akakaa chini palepale. Kabla ya Mrindoko alikuwa amezaa wengine wawili, wote wakafia ndani msimu wa kipupwe, na mlima mzima ukamwambia wamechukuliwa na ukungu. Ndiyo maana alikuwa akiziba nyufa kwa bidii namna ile.

"Nakiete," aliuliza kwa sauti ndogo, "wale wangu, ni ukungu kweli?"

Nakiete alilijua jibu; akamshika mkono.

Mrindoko aliporudi na chumvi yake, ukoo ukakutana kumhukumu mkewe. Namkunda akasimama, akasema paa amelitoboa yeye, na nani angemfukuza mama nyumbani kwa mwanawe?

Na tangu siku hiyo, mlimani kwetu kuni hukaushwa juu ya uchaga, jukwaa la fito lililo juu ya moto, kabla ya kuingizwa mafigani, huwekwa chache chache, na kila nyumba ina tundu lake kileleni. Hulitoboa mama mkwe mwenyewe, kabla mkamwana wake hajajifungua. Akiwa juu ya kinu hasemi neno, wala apitaye hamsalimu. Wageni hudhani ni maringo. Sisi tunajua anawalilia watoto wa Namkunda, na tunamwacha amalize.