Marahaba Iliyomkata Kenge Pumzi

Paukwa.

— Pakawa.

Pumzi mnazo?

— Tunazo.

Basi vuteni moja ya kutosha, maana ngano hii ina mbio, na mwisho wake unabana kifua.

Palikuwa na Kwale, ndege wa chini, mdogo, miguu mifupi. Kwale huyu alikuwa amesoma. Alisomea pumzi miaka mitatu mizima, akarudi kijijini na cheti chake. Wenzake wakamuuliza amesomea nini. Akasema, kuvuta hewa. Wakacheka hadi manyoya yakawatoka. Jirani yake Kanga akamwambia, "Dada, hata jongoo anavuta hewa, tena hana digrii."

Kwale akaona aibu. Akakilaza cheti chini ya majani ya kiota, akataga mayai juu yake. Angalau cheti kikapata kazi.

Palikuwa pia na Kenge. Siku moja mamba walipanda kutoka mtoni kwa msafara, wakubwa kwa wakubwa, na Kenge akajipachika mkiani. Mamba wakarudi majini, Kenge akabaki nchi kavu akiitwa mheshimiwa. Yeye hakuna aliyemwitisha vyeti. Akatunga sheria palepale: kila mdogo atamwamkia, na kila shikamoo itakuja na yai, yai la heshima. Kanga akauliza, je, mkubwa akiamkiwa asiitikie? Kenge siku hiyo alikuwa siriasi, anataka protokali ifuatwe. Akasema mbele ya wote, "Shikamoo isiyoitikiwa ni batili, na mkubwa asiyeitikia si mkubwa."

Wakampigia makofi. Maneno hayo yawekeni akiba.

Kwale alitaga mayai kumi na mawili. Kenge akaja, papara-papara, papara-papara. Kwale akapiga goti. Shikamoo, mzee. Marahaba. Kruch. Yai la kwanza hilo. Kesho yake akaja tena, papara-papara. Shikamoo, mzee. Marahaba. Kruch. La pili. Ikawa hivyo hivyo mpaka la kumi na moja.

Na kila Kwale alipoinamisha kichwa, macho yake yalikuwa usawa wa koo la Kenge. Akaona. Kenge akienda upesi, mwili hupinda kushoto, hupinda kulia, na mbavu zinazopinda ndizo hizohizo za kuvutia hewa. Mshika mawili moja humponyoka. Kwa hiyo Kenge hufumba kinywa, na koo lake hupiga kama mivukuto ya mhunzi, bwi-bwi, bwi-bwi, likisukuma hewa ndani. Koo hilo ndilo linalomkimbiza. Kinywa kikifunguka, mivukuto imetoboka.

Kwale aliyajua hayo, akanyamaza. Nani angemsikiliza, na cheti chenyewe ni cha kuvuta hewa? Tena mama yake alimfundisha kwamba mbele ya mkubwa mdomo hufunguliwa kwa shikamoo tu.

Likabaki yai moja. Kwale akalilalia kutwa, akalisikia linagonga kwa ndani, ti, ti. Hapo akainuka, akaenda mtoni alipokuwa Kenge, majirani wote wakiwepo.

"Mzee," akasema, "leo tukimbie hadi kiotani. Mimi siruki, nakimbia kwa miguu. Ukilifikia yai kwanza, hilo ni lako na ya mwakani yote yako. Nikilikalia mimi kwanza, mayai ya heshima yamekwisha."

Kenge akamtazama miguu, akachekea puani. Akasema miguu ile iliumbwa kwa kupigia magoti, lakini sawa, twende.

Tiki-tiki-tiki, Kwale huyo. Papara-papara, Kenge nyuma, bwi-bwi koo. Akamkaribia hadi akamnusa mkia. Kwale asipunguze mwendo, akageuza shingo tu:

"Shikamoo, mzee."

Majirani wamejipanga njiani, wanasikiliza. Sheria ni sheria. Kenge akafungua kinywa.

"Marahaba."

Fsss. Hewa ikavuja, miguu ikalegea. Akasimama, akafumba kinywa, bwi-bwi, akajijaza, akatoka tena. Papara-papara. Akamkaribia.

"Shikamoo, mzee."

"Maraha."

Fsss. Akasimama. Bwi-bwi. Papara-papara.

"Shikamoo, mzee."

"Mara."

Mtauliza Kwale naye pumzi alizitoa wapi. Ndege ana vifuko vya hewa mwilini, vingine vimeingia hadi mifupani, na hewa hupita mapafuni mwake ikielekea upande mmoja tu, kama maji mferejini. Anakimbia, anasalimu, hewa inapita. Hilo lilikuwa somo la kwanza kabisa, wiki ya kwanza.

"Shikamoo, mzee."

"Ma."

Kenge akalala chini hatua chache kutoka kiotani, kinywa wazi, koo bapa kama kiroba kitupu. Kwale akafika, akalikalia yai. Kisha akainamisha kichwa, akasema taratibu, "Shikamoo, mzee."

Kimya.

Kanga akasogea kwa adabu zake zote. "Mzee, umesalimiwa."

Kimya. Wakasubiri. Mmoja mmoja wakageuza nyuso, kwa kuwa ni aibu kumtazama mkubwa akipungua. Kenge akaburura tumbo hadi vichakani. Mpaka leo ukimkuta huvimbisha koo na kutoa mlio, hhhsss. Watu husema ni hasira. Ni ile marahaba, bado anautafuta mwisho wake.

Jioni Kanga akaja na sifa. Akataka kujua, hayo mambo ya koo, Kwale aliyagundua lini. Kwale angeweza kudanganya.

"Tangu yai la kwanza," akasema.

Kanga akatazama maganda kumi na moja yaliyozunguka kiota. Naye alikuwa mmoja wa waliocheka. Akaondoka bila kuaga.

Yai likaanguliwa. Kifaranga akatoka na unyevu wake, akakanyaga cheti, akamwona mama yake, na neno lake la kwanza likawa, "Shikamoo, mama."

Kwale akafungua mdomo. Vifuko vyote vilikuwa vimejaa hewa. Marahaba haikutoka. Yeye aliyekimbia na kusalimu bila kutweta, akayainamia maganda yale kwa aibu.

Kifaranga akangoja, akangoja. Alipoona hajibiwi, akageukia wakubwa zake, yale maganda, akapiga goti.

"Shikamooni."

Na funzo lipo, msiondoke. Watoto, waheshimuni wakubwa. Waamkieni asubuhi, waamkieni mchana, waamkieni hasa wakiwa mbioni. Na ukijua jambo, nyamaza nalo vizuri mpaka libaki yai moja.

Ngano yangu imeshusha pumzi. Nanyi shusheni zenu.