Pimbi na Kata ya Maji

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipika, wakifua na kugombana na majirani kama sisi, Kifaru alikuwa na binti mmoja tu, Tunu. Wewe unayechomoa ukili wa mkeka wangu, tulia! Hadithi hii ina mtoto mgonjwa, sitaki kelele.

Tunu aliharisha tangu alfajiri. Kufika adhuhuri macho yalikuwa yamezama na ulimi umekauka kau. Alilia, "Mama, maji!" lakini chozi halikutoka hata moja.

"Asipewe!" Baba Tunu alinguruma, amesimama mlangoni pa jiko, pembe mbele. "Maji yanamtoka hivi, nanyi mnataka kumwongezea? Yakikosa kuingia, yatakoma kutoka!"

Msimlaumu sana, wajukuu zangu. Alimpenda mwanawe kupita kiasi, basi tu hakujua.

Jirani yao Pimbi, mdogo kiasi cha kuenea kwenye kikapu cha mayai, alichungulia dirishani. "Baba Tunu, mwili wa mtoto unahangaika kujiweka sawa. Unabana hata mkojo ili maji yasiishe. Kiu ndiyo sauti yake, unaomba msaada. Ukimnyima, atatufia!"

"Nani kakuuliza? Potea!" Puu! Pembe ikagonga ukuta, udongo ukamwagika. Pimbi huyoo, mbio.

Mnadhani alikwenda mbali? Thubutu! Alizunguka nyumba, akajitanda kanga iliyokuwa kwenye kamba, akaifanya sauti nzito. Kifaru haoni vizuri, na Pimbi alilijua hilo. Alijua pia kwamba mgeni hakuwahi kutoka kwa Kifaru na kiu.

"Hodi! Hodi wenyewe! Mpita njia nakauka koo!"

"Karibu, karibu sana! Mama Tunu, mgeni apewe maji!"

"Ahsante, bwana. Ila kwetu hunywa yaliyochemshwa yakapoa, yenye sukari na chumvi kidogo."

Mama Tunu akachanganya huku analia. "Chumvi kiasi gani, mgeni?"

"Onja chozi lako, mama," Pimbi akamwambia taratibu. "Isizidi hapo."

Mama Tunu akamtazama. Akaiona kanga yake, akayaona na yale macho madogo. Akaendelea kukoroga, kisha akayaleta maji kwenye kata.

"Sasa," mgeni akasema, "nani ataonja kunitoa wasiwasi? Njiani kuna watu wabaya."

"Mimi!" Kifaru akajipiga kifua.

"Wewe? Pande la mtu kama wewe, sumu itakufanya nini? Kwetu huonja aliye mdogo kuliko wote nyumbani."

Kifaru akasita. Akamwangalia binti yake, akaiangalia kata. Heshima ya nyumba ilikuwa hapo. "Haya. Lakini tone tu!"

Gudu. Tunu akameza.

"Mh! Hilo limeishia kooni. Tuone la pili."

Gudu.

Mara, oooh! Tunu akatapika. "Mmeona?" Kifaru akapiga kelele. "Mnaniulia mtoto!"

Pimbi hakuondoka. "Tungoje kidogo, bwana. Halafu aonje polepole, kijiko kwa kijiko. Mimi sina haraka."

Basi wakakaa. Kijiko, wakangoja. Kijiko, wakangoja. Mgeni kila mara alikuwa na shaka jipya, mara rangi ya maji, mara harufu ya kata. Jua likapungua makali, kivuli cha nyumba kikafika uani. Tunu akageuza shingo mwenyewe, akaifuata kata kwa mdomo.

"Vizuri," Pimbi akasema, akaivuta kata. "Nimeridhika. Sasa nipeni ninywe mimi."

"Yangu!" Tunu akalia. "Baba, ananinyang'anya maji yangu!"

Na chozi likatoka. Chozi zima, nene, likateremka shavuni mpaka kwenye kidevu.

"Analia!" Mama Tunu akapiga kigelegele. "Jamani, mwanangu analia machozi!"

Kifaru akainama, akaligusa chozi lile kwa mdomo wake mkubwa. Kisha akamsogelea mgeni, karibu kabisa, akanusa. "Pimbi! Ni wewe! Na hata hukunywa!"

"Hata tone," Pimbi akajibu, kanga ikamdondoka. "Nimekudanganya, Baba Tunu. Ukitaka kunipiga, nipige, ila mtoto amalizie kata yake. Na kesho, hata kama bado anaharisha, aendelee kupewa."

Kifaru hakumpiga. Alikaa chini kama mzigo, akalia mbele ya mkewe na jirani yake bila kuona haya. Kisha akaishika kata mwenyewe, akamnywesha mwanawe, kijiko kwa kijiko.

Hadithi yangu naiacha hapo, mtoto akiwa mapajani kwa baba yake. Nanyi shikeni hili: mwili uliopungukiwa haunyimwi, hurudishiwa kidogo kidogo mpaka ukae sawa.