Kahawa Chini ya Paa la Sultani Badi

Palikuwa na Sultani Badi wa Mtangani, mtu aliyetaka paa lake lisifiwe kabla halijakauka. Alijenga ukumbi wa ghorofa juu ya uwanja wa soko, ili yeye akae juu na wageni wake, na wauza mboga wakae chini, sakafu yake iwe paa lao, wamsikie akicheka. Boriti zilikatwa mikokoni juzi, zikapandishwa jana, zikamiminiwa chokaa kabla hazijaacha kunuka tope. Fundi aliyesema zingojewe zikauke aliambiwa akazingojee kwao.

Sasa, watu wa Mtangani wana mila yao, na usiicheke, maana imewapunguzia maziko. Hakuna atandikaye mkeka chini ya paa jipya mpaka mkaguzi aje. Na mkaguzi sharti awe mtu wa nafsi yake, asiwe mtumishi wa mwenye nyumba. Huingia, hutazama, hugongagonga. Akiridhika, hunywa kikombe cha kahawa papo hapo chini ya paa, kwa hiari yake, watu wanamwona. Asipokunywa, kila mtu na mkeka wake, huyo anakwenda zake.

Mkaguzi alikuwa Ngwali, maskini mwenye ulimi kama wembe. Hakuwa na baraza wala bwana. Leo yuko kisimani kwa huyu, kesho yuko ukutani kwa yule. Akiitwa huja, asipoitwa yeye na mkewe hushindia maji. Siku hiyo alifika kwa miguu, jua kali, akamwomba waziri maji ya kunywa.

"Maji ni ya watumishi wa Sultani," waziri akasema. "Wewe si mtumishi. Wewe unajitegemea."

"Na pa kukaa nipumzike?"

"Jitegemee."

Ngwali akameza mate, akaingia chini ya paa. Akagonga boriti ya kwanza kwa fimbo. Boriti kavu huitikia. Hii ilinyamaza kama shahidi aliyehongwa. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu ilimdondoshea tone la maji shingoni. Akatoka upesi, ila si upesi wa kuonekana.

Nje, Sultani alikuwa kitini, mji mzima umemzunguka. Muuza kahawa alikwisha mimina, akakiweka kikombe kwenye kigoda chini ya paa, katikati.

"Kanywe," Sultani akasema.

"Ukumbi mzuri, Maulana. Niite mwakani."

"Idi ni kesho."

"Boriti hazina habari ya Idi, Maulana. Mbichi. Zimeshaanza kupinda na bado hazijabeba mtu. Wageni wako wakipanda na masinia ya pilau, kina mama huku chini watapokea pilau pamoja na wageni."

Watu wakaguna. Bi Mize, muuza mchicha, ambaye amepangiwa kukaa katikati pale na wajukuu zake, akaukumbatia mkeka wake.

Sultani akainama mbele. "Nakuamuru unywe."

"Mtu huamrisha wake, Maulana. Mimi unaniamrishaje? Waziri wako amenieleza vizuri kabisa, nami nina kiu, kwamba mimi si wako."

"Atakayekataa amri yangu atahama mji huu leo. Yeye na mkewe."

Hapo Ngwali aliwaza nyumbani kwake. Mkewe alikuwa karibu kujifungua, na mji mwingine hawakuwa nao. Lakini akinywa kwa hiari yake, Bi Mize atatandika. Akamtazama yule bibi, akakitazama kikombe, kisha akatazama chini.

"Nihame kwa kukataa amri ya nani, Maulana? Ya bwana wangu? Sina bwana."

Hasira za wakubwa hazina breki. "Huna bwana?" Sultani akafoka. "Basi umempata. Kuanzia saa hii wewe ni mtumishi wangu. Waziri, mpe kanzu ya watumishi. Mpe maji. Mpe wali, ale watu wote wamwone."

Wali ukaletwa, wa nazi, na samaki wake. Ngwali akavaa kanzu, akala bila haraka. Akamaliza, akalamba vidole.

"Mimi ni nani wako?" Sultani akauliza.

"Bwana wangu, Maulana."

"Bwana wako anakuamuru: kanywe ile kahawa."

"Labeka, Maulana."

Akaingia, akainywa kwa funda moja, akatoka ulimi umeungua. Hakuna aliyesogea. Bi Mize ndiyo kwanza akaukalia mkeka wake, umekunjwa vilevile.

"Mbona hawaingii?" Sultani akauliza.

"Yangu mimi ni kutii, Maulana. Nimetii."

Bi Mize akajibu kutoka alipokaa: "Huyo ni mtu wako, Maulana. Amekunywa kwa amri yako. Kahawa ya mtumishi haitandiki mkeka."

Sultani akamgeukia Ngwali. "Ulijua?"

"Mtumishi haulizwi anajua nini, Maulana. Huulizwa kama ametii."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajifanya anakohoa. Sultani akasimama. "Nimekufukuza kazi. Vua kanzu yangu."

Ngwali akaivua, akaikunja vizuri, akampa waziri.

"Sasa wewe ni mtu wa nafsi yako?"

"Kama nilivyozaliwa, Maulana."

Sultani mwenyewe akamwashiria muuza kahawa. Kikombe cha pili kikamiminwa, kikawekwa palepale chini ya paa, kikifuka moshi. "Haya. Kanywe."

"Ni amri, Maulana?"

Sultani akafungua kinywa, akauona mji wote unamsubiri, akakifunga. Alipokifungua tena alisema polepole, kama mtu anayetembea juu ya miiba: "Si amri. Ni kwa hiari yako."

"Ah," Ngwali akasema, akajifuta midomo. "Kwa hiari yangu, Maulana, sina kiu. Nilikunywa nikiwa kazini kwako."