Msiba wa Mjomba Ndelwa

Hapo zamani za kale, kabla kunguru hajajifunza kuiba sabuni, ndege walikaa majumbani kama sisi. Walifagia nyua, walilima bustani, na kusengenyana ndiyo usiseme. Haya, tulieni. Nawe unayekuna kichwa hapo nyuma, kuna polepole, usije ukakosa neno.

Juu kabisa milimani, kwenye baridi, aliishi mjane mmoja, Bi Chiriku. Mwili wake ulikuwa mdogo kama kiazi cha mwisho kwenye gunia, lakini mdomo, we! Marehemu mumewe alimwachia bustani nyuma ya nyumba: matuta sita ya njegere na mawili ya kabichi. Hizo njegere ndizo zingewalisha makinda wake wanne mpaka mvua zirudi. Darini hakuwa na hata punje moja ya mahindi.

Basi kikaingia kipupwe. Asubuhi moja Bi Chiriku akafungua mlango, brrr! Viazi vya jirani vilikuwa vyeupe pee. Sakitu hiyo, umande ulioganda usiku. Jua lilipopanda, majani yote yakawa meusi kama yamemwagiwa maji ya moto.

Bi Chiriku akatazama juu. Mbingu imetakata, upepo hakuna.

"Maskini mimi!" akasema. "Leo ni zamu yangu. Na njegere ndiyo kwanza zinatoa maua!"

Dawa aliijua. Ukiwasha moto pembe zote nne za bustani mpaka kuche, mimea inapona. Lakini kuni je? Mzigo wake yeye ulikuwa kijiti kimoja, akipiga chafya kinaanguka.

Akaruka, pruuu, mpaka kwa Mzee Hondohondo. Huyo alikuwa mwenyekiti wa kitongoji, mwenye mdomo kama jembe na rundo la kuni lililogusa paa.

"Hodi, mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba. Kama umekuja kuomba, mimi sipo."

"Hupo vipi, nawe umekaa hapo?"

"Mwili upo, moyo umesafiri. Sema upesi."

Bi Chiriku akasema shida yake. Mzee Hondohondo akajikuna shingo.

"Kila mtu na bustani yake, mama. Njegere zikifa, rudi bondeni kwenu na wanao. Hicho kiwanja niachie mimi, nitakitunza." Akakitazama kiwanja kwa mbali kama mtu anayetazama nyama bucha.

Bi Chiriku akaenda kwa Bwana Tai. "Mgongo, dada, mgongo unaniua." Akaenda kwa Bi Kanga. "Njoo kesho kutwa, shoga." Kesho kutwa! Kesho kutwa njegere zingekuwa majivu.

Bi Chiriku akarudi nyumbani akalia, na hakuwa akiigiza. Makinda wakamtazama kimya, midomo wazi. Watoto wa njaa hao, watakula nini?

Hapo ndipo akakumbuka msiba wa mwezi uliopita. Alipofariki babu wa jirani yao Kware, kitongoji kizima kilihamia pale siku tatu, kila mtu na mzigo wake wa kuni, moto usiku kucha. Na yule babu alipokuwa hai hakuna aliyempa hata shikamoo! Ndivyo walivyokuwa wale: kukusaidia ukiwa mzima ni kazi, lakini ukifa hawakosi kufika.

Bi Chiriku akafuta machozi. Akafunga khanga kiunoni, akashika kichwa, akatoka uani.

"Uwiii! Uwiiii! Mjomba wangu weee!"

Bi Kanga akaja mbio, slipa mguu mmoja. "Kuna nini?"

"Mjomba Ndelwa! Amefia huko bondeni, wamekwisha kumzika, habari ndiyo imenifikia sasa!"

"Ndelwa? Yule Ndelwa?"

"Huyo huyo!" akasema Bi Chiriku, ambaye jina lenyewe alikuwa amelibuni pale pale.

"Jamani Ndelwa!" Bi Kanga akajitupa chini, pu! "Alikuwa ananipenda huyo!"

Jioni hiyo walifika wote. Bwana Tai alikuja na gogo zima begani, mgongo umepona ghafla. Mzee Hondohondo alileta mizigo miwili, maana mwenyekiti asiyeonekana msibani hachaguliwi tena. Wakataka kuwasha moto mmoja mkubwa mbele ya nyumba.

"Hapana, wazee wangu," Bi Chiriku akasema kwa kwikwi. "Kwetu mila ni mioto minne, kila pembe ya bustani. Wazee huku kwenye njegere, akina mama kule kwenye kabichi. Tena polepole, msikanyage matuta. Marehemu hakupenda."

"Kweli, hakupenda kabisa," akadakia Bi Kanga.

Usiku ule baridi ilishuka ndindindi. Midomo iligongana ta-ta-ta, lakini mioto iliwaka mpaka asubuhi, na hakuna aliyethubutu kuondoka wa kwanza. Siku ya pili wakaongeza kuni. Porojo zikanoga.

"Marehemu alikuwa mrefu," akasema Bwana Tai. "Nilichunga naye mbuzi."

"Mrefu wapi?" akasema Bi Kanga. "Alikuwa mfupi!"

"Akisimama mrefu, akikaa mfupi," akaamua Mzee Hondohondo. "Mimi ndiye niliyemjua vizuri."

Bi Chiriku akajifunika khanga usoni, mabega yakimtikisika. "Jikaze, mama," wakamwambia. "Kazi ya Mungu haina makosa."

Siku ya tatu wingu zito likatanda na upepo ukavuma. Sakitu basi tena. Njegere zilisimama kijani kibichi, maua tele. Bi Chiriku akajiandaa kuwashukuru watu na kuanua tanga. Lahaula! Mzee Hondohondo akasimama, akakohoa.

"Ndugu wafiwa, kuna wosia. Nilikwenda bondeni, nikamshika Ndelwa bawa akikata roho. Akaniambia: 'Mpwa wangu ni mjane, hana nguvu. Ile bustani ichukue wewe, yeye arudi kwetu.'"

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Katika kitongoji kile neno la marehemu halikupingwa. Bi Chiriku akapiga hesabu. Akinyamaza, amefukuzwa pamoja na wanawe. Akisema kweli, atapigwa. Akamgeukia mwenyekiti.

"Mzee, alisema kwa kinywa chake?"

"Kwa kinywa chake!"

"Nawe ukasikia kwa masikio yako?"

"Yote mawili! Naapa mbele ya kadamnasi!"

Bi Chiriku akapiga magoti.

"Wazee wangu, nisameheni. Mimi sina mjomba. Sijawahi kuwa naye. Mama yangu alizaliwa peke yake."



Bwana Tai akasimama, manyoya wima. "Ala! Siku tatu tumemlilia nani?"

"Mmezililia njegere zangu, baba. Nazo zimepona. Asanteni sana."

"Umetudanganya!"

"Nimewadanganya, kwa sababu nilipowaomba kuni mlininyima, na wanangu wangekufa njaa. Nipigeni kama mnataka. Lakini mimi nilisema tu kwamba mtu amekufa. Huyu mzee amemsikia akiongea!"

Macho yote yakamgeukia Mzee Hondohondo. Akafungua mdomo. Akaufunga, kwap!

"Ke-ke-ke-ke!" Bi Kanga akaangua kicheko. Halafu akakumbuka alivyogaagaa mavumbini, akacheka kwa nguvu zaidi asije naye akaulizwa. Bwana Tai akajaribu kukasirika, akakumbuka wale mbuzi, akashindwa. Uani ikawa vicheko mpaka machozi.

"Mwenyekiti!" wakampigia kelele. "Marehemu anakuita! Anasema umrudishie bawa lake!"

Mzee Hondohondo akapaa, fwaa-fwaa-fwaa, hata kofia akaisahau. Uenyekiti nao ukaishia hapo. Bi Chiriku akaingia ndani kuwapikia wanawe, anacheka na kulia kwa pamoja.

Basi, wanangu: ukimlilia mtu usiyemjua, lia tu, usidai na urithi.