Raba Hailii

"Ng'ombe aliyepewa usukani! Ndivyo ulivyosema, Kaka? Mimi ni ng'ombe?"

"Nani kakwambia?"

"Dada. Kaja na chai, kaiweka chini, kasema, 'Kaka anasema wewe ni ng'ombe aliyepewa usukani.' Hivyo hivyo, bila hata kutabasamu."

Ambakisye alitoka chini ya gari, mikono imejaa grisi, akamtazama mdogo wake, Gwamaka. "Basi hata mimi nimeletewa yangu asubuhi, pamoja na uji. Eti mimi ni fundi wa baiskeli."

"Na ni kweli! Nikiinua mguu kwenye kona, mkia wa gari unakwenda unakotaka wenyewe. Halafu kitu kinagonga, ngo! Kama mtu anabisha hodi mgongoni kwangu. Umebadilisha springi, umebadilisha shokapu, umebadilisha matairi. Linagonga tu."

"Kwa sababu unaliendesha kama unafukuzwa na nyuki."

"Ni gari la mbio, Kaka! Ulitaka nilipeleke taratibu kama jeneza?"

"Basi tugawane. Chukua gari lako, uniachie gereji yangu."

"Tugawane. Mashindano yakiisha tu, kila mtu na njia yake."

Kwenye mlango wa nyumba, hatua chache kutoka pale walipokuwa, dada yao alikuwa amesimama na sinia tupu. Alisikia yote. Aliingia ndani, akafunga mlango, na baada ya muda ikasikika cherehani yake ikienda.

Mtu mmoja alikuwa na watoto watatu, gereji ndogo pale Uyole, na gari moja la mbio. Alipofariki, mtoto wa kwanza, Ambakisye, alibaki na spana. Wa mwisho, Gwamaka, alibaki na usukani, maana hakuna aliyejua kona za barabara za vumbi kama yeye. Wa katikati, Subilaga, alikuwa na cherehani yake mwenyewe, na hakuachiwa kitu. Siku ya kuondoa tanga, ndugu walipokuwa wamejaa uani, shangazi mmoja alisema, "Hawa wawili ni vyuma. Subilaga, mwanangu, wewe ukae katikati yao." Subilaga akakubali. Ilikuwa rahisi kukubali. Siku ile majirani ndio waliopika, majirani ndio walioteka maji, na kaka na mdogo wake walikuwa wameshikana mabega wakilia. Hapakuwa na uzito wowote wa kubeba.

Akakaa katikati kwa miaka minne.

Ambakisye alipomwambia, "Kamwambie huyo mtu breki si kiti cha kupumzishia mguu," Subilaga alikwenda akasema, "Kaka anauliza kama breki zinakusumbua." Gwamaka alipomwambia, "Kamwambie Kaka anachelewesha kazi makusudi," yeye alirudi akasema, "Gwamaka anakuonea huruma, anaona kazi zimekuwa nyingi." Maneno yalitoka upande mmoja yakiwa makali, yakapita kwake, yakafika upande wa pili yakiwa laini. Ndugu hao wawili waliamini kwamba wanapatana. Hawakujua kwamba ukali wote ule haukupotea hewani. Ulikuwa unabaki kwa mtu.

Hadi siku ile, alipoamka na hana tena mahali pa kuuweka. Akayafikisha maneno kama yalivyosemwa.

Asubuhi iliyofuata hapakuwa na chai gerejini. Ambakisye alifanya kazi kwa hasira. Aliliweka gari juu ya stendi, akalala chini yake, akachomeka mtaimbo kati ya fremu na difu, lile bumba la chuma linalogawa nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma. Akasukuma. Difu ikapanda kwa upana wa vidole viwili, kisha ikaanguka. Ngo!

Aliusogeza mtaimbo upande wa pili. Akasukuma tena. Ngo!

Difu yenyewe ilikuwa nzima. Fremu nayo ilikuwa nzima. Kilichokwisha ni bushi, kile kipande cha raba kinachokaa pale chuma kinapokutana na chuma, ili kimoja kikishtuka kingine kisiumie. Akaangalia na mikono ya chuma inayoshika magurudumu. Bushi zake zote zilikuwa zimepasuka, nyingine zimebaki vipande vinavyoning'inia kama nyama. Akajiuliza imekuwaje hakuziona muda wote huo. Jibu lilikuwa rahisi, na lilimwuma. Kila aliposikia mlio alitafuta chuma, maana kinacholia ni chuma. Raba hailii. Inaisha kimyakimya, na ikishakwisha, wanaoanza kupiga kelele ni wale iliokuwa inawatenganisha.

Gwamaka alipoitwa aone, alisema, "Hiyo raba ni ya nini? Weka chuma tupu. Chuma hakichakai."

Wakaenda kwa mchonga vyuma, wakachongesha bushi za chuma, wakazitia kwenye difu. Gari likawa gumu kama jiwe. Lilikwenda kona bila kuyumba, na Gwamaka akacheka kwa furaha siku ya kwanza. Siku ya pili alirudi akisema kichwa kinamwuma, kwa kuwa kila kokoto la barabarani lilimfikia menoni na gari zima lilivuma kama mzinga wa nyuki. Siku ya tano Ambakisye alikuta ufa kwenye fremu, mwembamba kama unywele.

Siku hizo ndivyo walivyokuwa wakizungumza wao pia. Hapakuwa na mtu katikati. "Lete spana." "Chukua mwenyewe." "Una macho?" "Una adabu?" Kila neno lilifika kama lilivyotoka. Na nyuma ya mlango uliofungwa, cherehani ilikwenda, ikasimama, ikaenda, ikasimama muda mrefu.

Ambakisye aliziba ule ufa, akatoa bushi za chuma. Kisha akaenda mlangoni kwa dada yake. "Subilaga, tumekosa," alisema. "Rudi kama zamani."

Subilaga alitaka kurudi. Aliwapenda, na kimya cha pale ndani kilikuwa kimeanza kumtisha. Akafungua mlango, akapika chai, akarudi kama zamani.

Wiki hiyo hiyo wakatia bushi mpya za raba. Ambakisye aliifanya kazi kwa uangalifu. Zile za kale alizitoa kwa presi, zilizokataa kutoka akazichoma kwa moto hadi harufu ya raba ikajaa mtaa mzima. Mpya akazipaka maji ya sabuni, akazisukuma taratibu hadi kila moja ikaketi mahali pake. Difu ikatulia. Halafu akakaza nati zote za mikono ya magurudumu gari likiwa bado juu ya stendi na magurudumu yakining'inia, kwa sababu likiwa juu namna ile spana inafika kirahisi. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake. Baba yake naye alifundishwa na mtu aliyekuwa akitengeneza malori.

Gari likaendeshwa wiki mbili. Likaanza tena kuyumba.

Walilipandisha, wakatazama. Difu haikucheza hata kidogo, lakini bushi za mikono, zile mpya, zilikuwa zimepasuka. Gwamaka akaishika moja kwa vidole, ikamegeka.

"Wamekuuzia raba mbovu," alisema.

"Raba ni nzima. Ni mguu wako huo."

"Ah, mguu wangu tena! Dada! Dada, njoo umwambie huyu mtu..."

Subilaga alikuwa anakuja na sinia. Vikombe vilikuwa vinagongana juu yake, na chai ilikuwa imemwagika nusu. Wote wawili waliona. Ilikuwa mara ya kwanza kuitazama mikono yake. Kidole cha shahada kilikuwa kimefungwa kitambaa, maana alijidunga sindano ya cherehani kwa usingizi. Aliweka sinia chini. Hakuwatazama wao. Aliyatazama magurudumu manne yaliyokuwa yakining'inia hewani.

"Kaka, mimi sipimi pindo la suruali mtu akiwa amelala kitandani," alisema. "Namwambia asimame, avae viatu vyake."

Akarudi ndani. Mlango ukafungwa, taratibu, bila hasira. Cherehani haikusikika.

Gwamaka alisema, "Suruali imeingiaje hapa?" Lakini Ambakisye alikuwa amekwisha kaa chini, juu ya tairi kuukuu, ameshika ile bushi iliyomegeka. Aliigeuzageuza. Raba imeshikwa pande mbili. Ukiikaza gurudumu likining'inia, unaiambia: hapa ndipo pa kupumzikia. Kisha unalishusha gari. Uzito unakuja, mkono wa chuma unapanda, na raba inasokotwa kama nguo inayokamuliwa. Wala si njiani tu. Hata gari likiwa limesimama gerejini, limezimwa, watu wamelala, raba ile bado imesokotwa. Haina saa hata moja ya kupumzika. Ndiyo maana ilipasuka, na haikupasuka kwa kuwa ilikuwa mbovu.

"Nimezikaza hewani," alisema. "Miaka yote, Gwamaka. Nimekuwa nazikaza kabla hazijabeba kitu."

Wakatafuta bushi nyingine. Zilipokwisha kuingia, Ambakisye alifunga nati kwa vidole tu, zikabaki zimelegea. Wakalishusha gari hadi magurudumu yote yakakanyaga ardhi. Walijaza tangi mafuta, wakaweka tairi la akiba mahali pake. Gwamaka akavaa kofia yake ngumu, akaketi kwenye usukani na kujifunga mkanda, kama siku ya mashindano. Ambakisye akalitikisa gari mara tatu, likapanda na kushuka, likatulia penyewe. Ndipo akatandika boksi, akajipenyeza chini kwenye nafasi finyu ambayo spana ilipita kwa shida, akalala chali na ule uzito wote juu ya uso wake.

"Umekaa vizuri?" aliuliza.

"Nimekaa, Kaka."

"Usijitikise. Uwe na uzito wako tu."

"Sawa." Kisha, baada ya muda: "Kaka, huko chini hubanwi?"

"Nabanwa. Lakini nafika."

Hayo yalikuwa maneno machache, na hapakuwa na mtu wa kuyalainisha njiani. Yalikuwa yametoka laini.

Alikaza nati ya kwanza. Alikaza ya pili. Alipofika ya tatu, spana ilisimama.

"Gwamaka."

"Naam."

"Unakumbuka siku ya kuondoa tanga? Subilaga alipoambiwa akae katikati yetu?"

"Nakumbuka. Alisema sawa."

"Siku ile alikuwa amebeba nini?"

Gwamaka alikuwa anafikiri. Aliwakumbuka majirani na masufuria yao. Alikumbuka yeye na kaka yake walivyokuwa wameshikana mabega. "Hakuwa amebeba kitu," alisema mwishowe.

"Tulimkaza hewani. Halafu tukashuka juu yake, mimi na wewe, na uji wetu, na nguo zetu, na matusi yetu. Na juzi nimekwenda kumwambia arudi kama zamani. Nimeikaza tena nati ile ile, mahali pale pale."

Gwamaka alivua kofia yake. Ambakisye alimaliza nati zilizobaki, moja moja, bila haraka, akatoka chini ya gari na vumbi la boksi mgongoni. Hakuna aliyetaja kugawana. Hakuna aliyelijaribu gari siku ile, ingawa mashindano yalikuwa karibu na barabara ilikuwa kavu.

Gwamaka aliingia jikoni kupika chai, kazi ambayo hakuwahi kuifanya pale nyumbani. Alitia majani mengi mno, na sukari akaisahau. Ambakisye alinawa mikono kwa sabuni ya unga hadi viwiko, akanawa tena. Wakasimama wote wawili mbele ya ule mlango, mmoja na kikombe, mwingine mikono mitupu, kama wageni wasio na uhakika wa nyumba. Ambakisye alibisha mara moja tu, kwa kifundo cha kidole.

"Subilaga, mdogo wangu, hatukuja kukurudisha. Kaa, simama, lala, utakavyo wewe. Tumekuja kuuliza kitu ambacho hatukuwahi kukuuliza: umebeba nini?"