Majembe ya Kumuaga Lugembe

Aliyemletea Minza habari ile kwanza alikuwa Holo, jirani yake wa ng'ambo ya kijito. Walikutana kisimani asubuhi, na Holo, ambaye hakuwa mtu wa kuzungusha maneno, alisema huku akiweka ngata kichwani: "Mama Sayi, usingoje kundi Jumatatu. Zamu yako wameihamishia kwa Mzee Malugu. Wanamuagia Lugembe huko." Kisha akaongeza kwamba labda Minza angekuwa na mbuzi wangemkumbuka. Alisema kwa mzaha, akacheka peke yake, akajitwika ndoo akaenda zake.

Minza alikuwa na shamba moja, na jembe moja lililoliwa na udongo hadi likabaki kipande. Mumewe alikwenda machimboni kabla ya mavuno yaliyopita, na hakuwa amerudi. Mtoto wao, Sayi, alikuwa bado wa kubebwa. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha na ardhi imelainika, na kila mtu alijua kwamba shamba lisipopandwa wakati ule, ukija ukavu halitapandwa tena mwaka huo. Ndiyo maana alikuwa akiingoja zamu yake kama mgonjwa anavyongoja kukuche. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni hawezi kulima shamba lile peke yake akalimaliza.

Katika kijiji kile watu walilima kwa kundi. Leo kwa huyu, kesho kwa yule, ngoma mbele, majembe nyuma. Mwenye shamba aliwakorogea togwa wanywe, na jioni shamba lilikuwa limegeuzwa lote. Haikuulizwa nani anacho na nani hana. Iliulizwa tu ni zamu ya nani.

Na mbele ya kundi, kwa miaka mingi, alikuwa Lugembe. Hapakuwa na mlimaji kama yeye, na hilo hakuna aliyelipinga. Akirusha jembe lake juu, lilizunguka hewani, akalidaka kwa mpini bila kulitazama, likatua udongoni pamoja na mdundo wa ngoma, na majembe yote ya nyuma yakatua pamoja nalo. Watu wa vijiji vingine waliopita njiani walisimama kumtazama wakasahau safari zao. Mwaka wa njaa, ardhi ilipokuwa ngumu kama sakafu, yeye ndiye aliyewafanya watu waone aibu kukaa kitako. Sasa bega lake la kulia lilikuwa limekataa. Alisema mara moja tu, bila kelele, kwamba msimu huu yeye anapumzika.

Hapo ndipo kuagwa kulipoanza.

Wa kwanza kumuaga alimchinjia jogoo, na ilikuwa haki. Wa pili aliona jogoo ni dharau, akachinja mbuzi. Wa tatu alichinja mbuzi, akaita na wapiga ngoma wa kijiji jirani. Kila mji, baba na watu wa nyumba yake, ulimpa jembe jipya, mpini umepakwa mafuta, yeye aliyekuwa anaacha kulima. Kila alikokwenda alitakiwa alime tuta moja na kurusha jembe kama zamani. Alilirusha kwa mkono wa kushoto, akiwa ameuma meno, na watu wakapiga vigelegele. Kisha ngoma ilinyamazishwa na wasemaji wakaanza. Walisema mpaka jua likapita utosini, wakala, wakanywa, wakatawanyika. Shamba lilibaki na tuta lile moja. Mwenye shamba hakujali, maana alikuwa na ng'ombe wa kuvuta plau au wana wakubwa wa kumalizia. Alichotaka ni isemwe kwamba kwake Lugembe aliagwa vizuri kuliko kwa jirani.

Majani yakaanza kuota kwenye mashamba yaliyokuwa yakingoja. Hakuna aliyeuliza ni nani atakayeshika mbele baada ya Lugembe. Watu walikuwa na kazi ya kumsifu, na kazi hiyo iliwachosha kuliko kulima.

Minza hakuwa na kinyongo na Lugembe. Mwaka aliomzaa Sayi, zamu yake ilikuwa ya mwisho, na kundi lilipofika kwake mvua ikawashukia katikati ya shamba. Wengine walisema imetosha, waondoke. Lugembe hakuondoka. Ngoma ilikuwa imelowa, haitoi tena sauti, na wenzake walikuwa wamejibanza chini ya ukuta wa nyumba, lakini yeye aliendelea, na mmoja mmoja wakaona haya wakarudi. Minza alikuwa amelala ndani na kichanga chake, mwili wote unamuuma, akisikia majembe yakigonga kwenye mvua. Tuta la mwisho lilipokwisha ndipo walipoacha. Lugembe aliomba maji mlangoni, akanywa, akaenda. Minza hakuwahi kumshukuru. Kila alipokutana naye njiani aliinamisha macho, na maneno yakarudi yalikotoka.

Kwa hiyo Jumatatu ile, badala ya kukaa nyumbani na hasira zake, alimfunga Sayi mgongoni akaenda kwa Mzee Malugu kama wengine.

Mzee Malugu ndiye aliyekuwa mkuu wa kundi, na ndiye aliyepanga zamu. Uwanja wake ulikuwa umefagiliwa mpaka ukang'aa. Lugembe alikuwa amekalishwa kwenye kiti mbele ya watu wote, na majembe mapya yote aliyopewa yamepangwa miguuni pake, hakuna hata moja lililokuwa na udongo. Minza alisimama nyuma kabisa, karibu na zizi. Kutoka pale aliona uso wa Lugembe, na ulikuwa uso wa mtu anayesikiliza matanga yake mwenyewe. Msemaji mmoja alisema Lugembe angeweza kulima mlima ukawa bonde. Mwingine alisema asingekuwa yeye, pale pasingekuwa na kijiji. Kila sifa ilivyozidi kuwa kubwa, ndivyo mtu yule alivyozidi kuwa mdogo kwenye kiti chake. Akijaribu kuinuka, mikono ya watu ilimkalisha tena.

Ndipo Mzee Malugu akaagiza kila nyumba itoe neno, isije ikasemwa kwamba kuna nyumba isiyo na shukrani. Neno likazunguka uwanja mzima, likafika zizini. Mtu mmoja alinong'ona, kwa sauti ya kusikika, kwamba huyo angojewe mpaka kesho, na wenzake wakacheka. Minza alisogea mbele hatua chache. Sayi alikuwa akimvuta nywele, naye hakumzuia. Aliyatazama majembe yale, kisha akamtazama mwenye nayo.

"Baba Lugembe," alisema, "mwaka ule mvua inanyesha, shamba langu ulilimaliza."

Walingoja aendelee. Hakuendelea, maana hilo ndilo lililokuwa lote. Mzee Malugu akasema, kwa ule upole wenye dharau ndani yake, kwamba Mama Sayi amechoka na kunyonyesha, apishwe apumzike, akamwita msemaji mwingine. Msemaji akaja na maneno mengi kuliko wote waliotangulia.

Lakini Lugembe alikuwa ameinua uso. Alimwinamia mtu wa karibu yake akamuuliza leo ni zamu ya nani. Mtu yule alimjibu kwa furaha kwamba leo ni yake yeye, siku yote ni yake. Lugembe akamuuliza tena, kwa haki ya kundi, leo walipaswa kuwa shambani kwa nani. Mtu yule akatazama pembeni. Halafu, kwa kuwa swali halikuondoka, akataja jina. Lugembe alitazama kule zizini, lakini Minza alikuwa amekwisha kwenda zake. Mtoto alikuwa analia, na kwao kulikuwa mbali.

Kesho yake asubuhi Minza alichukua kipande chake cha jembe, akamfunga Sayi, akaenda shambani. Alianzia pembeni, kwa sababu ni lazima kuanzia mahali. Hakuwa amefika mbali mtoto alipolia. Akasimama, akamnyonyesha, akamrudisha mgongoni, akaanza tena. Mbele yake shamba lilikuwa limelala lote vilevile. Upande wa pili wa kijiji ngoma ilikuwa ikilia, maana bado palikuwa na miji ambayo haijamuaga. Minza alijiona amechoka kabla hajafika hata katikati ya tuta la kwanza.

Alipoinua kichwa alimwona Lugembe akija kwenye kijia, peke yake, na moja ya yale majembe mapya begani kushoto. Alikuwa amechoka kama yeye. Hakusema habari za jana. Alililaza jembe kwenye kichwa cha tuta, akaketi chini kwenye majani, akanyoosha mkono uliobaki mzima.

"Mimi siwezi tena, mwanangu," alisema. "Nipe mtoto."

Minza alifungua kanga akampa. Kisha akalishika lile jembe, na lilikuwa kali, udongo ukafunguka chini yake bila ubishi. Alilima tuta mpaka mwisho, akageuka. Kule ngoma ilinyamaza, ikalia, ikanyamaza tena, kama inayomtafuta mtu. Lugembe hakugeuka. Sayi alikuwa amelala kwenye mkono wake, na yeye mwenyewe alikuwa anasinzia, kidevu kifuani, na hapakuwa na mtu wa kumsifu. Minza alipita karibu yao polepole asiwaamshe, akaanza tuta la pili.

Lugembe alistahili kuagwa, na hakuna anayebisha. Lakini semeni, ninyi mliokula wale mbuzi: ni nani aliyemuaga?